Nchi nne, ziwa moja: kufunga Ziwa Tanganyika ni mtego wa wafungwa au tunakosea mchezo?

#1 MwanaSera

Wakuu, habari za muda huu. Nasoma shahada ya pili ya sera za umma, na andiko langu nimeamua kulifanya kwa nadharia ya michezo, yaani hesabu za namna watu wanavyochagua pale ambapo matokeo ya kila mmoja yanategemea na wengine. Kesi yangu ni kufungwa kwa uvuvi Ziwa Tanganyika, 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia.

Dai langu hili hapa, lipigeni mawe. Huu ni mtego wa wafungwa kama ulivyo kitabuni. Kila nchi inataka ziwa lipumzike, lakini inapenda zaidi wengine wapumzike huku wavuvi wake wakiingia usiku. Turahisishe, tuchukue nchi mbili. Zote zikifunga, kila moja inapata 3. Zote zikivua, kila moja 2. Moja ikifunga na nyingine ikavua, iliyofunga inaambulia 1 na iliyovua inabeba 4. Sasa angalia: mwenzako akifunga, wewe kuvua kunakupa 4 badala ya 3. Mwenzako akivua, kuvua kunakupa 2 badala ya 1. Afanye lolote, wewe unavua. Naye anapiga hesabu hiyohiyo. Mnaishia 2 kwa 2 wakati 3 kwa 3 ilikuwa mezani.

Kwa hiyo makubaliano haya hayawezi kudumu bila askari mmoja mwenye mamlaka juu ya nchi zote nne, na askari huyo hayupo. Anayebisha alete jedwali, asilete hisia.

#2 KitiChaMbele

Nimekaa hapa. Mwenye karanga asogee.

#3 MzeeWaNukta

Karibu kijana. Rekebisha jambo moja kabla hujapeleka kwa msimamizi, maana naona uzi wako mwingine umeandika kwamba mtego huu "uligunduliwa na Nash". Hapana. Jaribio lenyewe walilibuni Merrill Flood na Melvin Dresher wa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, mwaka 1950. Hadithi ya wafungwa wawili wanaohojiwa vyumba tofauti aliitunga Albert Tucker, mwalimu wa Nash pale Princeton. Nash ndiye aliyetoa wazo la msawazo, yaani hali ambayo hakuna mchezaji anayefaidika kubadili mkakati peke yake. Nadharia yenyewe kama fani ilianza kusimama na kitabu cha von Neumann na Morgenstern cha 1944.

Jambo la pili ni kubwa kuliko hilo. Jedwali lako linachezwa mara moja, watu wanaachana. Hizi nchi zitakuwa majirani mwakani, na mwaka utakaofuata, na hata wajukuu wetu wakizeeka. Mchezo unaorudiwa bila mwisho unaojulikana una misawazo mingi, na ushirikiano ni mmojawapo. Ukivunja mwaka huu, mimi navunja mwakani. Woga huo unaweza kutosha bila askari yeyote.

#4 MwanaSera

Mzee wa Nukta shikamoo, na ahsante. Huo ndio mkakati wa jino kwa jino wa Axelrod, nimeuweka sura ya pili.

#5 MzeeWaNukta

Marahaba. Ila si wa Axelrod. Axelrod, mtu wa sayansi ya siasa wa Marekani, aliandaa mashindano ya kompyuta, akaalika wataalamu walete programu zicheze mtego wa wafungwa mara nyingi mfululizo. Mkakati wa jino kwa jino uliletwa na Anatol Rapoport, ukashinda raundi ya kwanza iliyokuwa na washiriki 14, ukashinda tena ya pili yenye washiriki 62 ingawa wote walishaujua. Hakukuwa na programu fupi kuliko hiyo: anza kwa kushirikiana, kisha mfanyie mwenzako alichokufanyia raundi iliyopita.

#6 KitiChaMbele

Huyu mzee ukimkosea koma anakurudisha darasa la kwanza 😂

#7 TajiriWaKipe

Mimi sina shahada ya pili wala ya kwanza. Nina kipe, chombo cha kuvulia dagaa kwa taa, nipo Kigoma, na miezi ile mitatu kipe kilikaa mchangani.

Nawauliza wasomi swali moja. Dagaa wetu tunavua kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukikaribia kujaa, taa haivuti kitu, dagaa wametawanyika. Siku hizo nenda Katonga, nenda Kibirizi, utakuta vyombo vimelala. Watu wanashona nyavu, wanacheza bao, wanatengeneza betri. Hakuna askari ziwani, hakuna tangazo la waziri, na ng'ambo Kongo nao wamelala. Nchi nne zinafunga ziwa kila mwezi na hakuna aliyesaini kitu.

Kwa nini huko hakuna anayeiba na kwenye ile miezi mitatu watu waliiba?

#8 Jedwali

Tajiri umeuliza swali zuri kuliko nusu ya mitihani niliyofanya. Jibu fupi: mwezi ukijaa, anayeingia ziwani anakula hasara ya mafuta na usingizi hata kama wote wamelala. Kuvua kunalipa kidogo kuliko kulala, mwenzako afanye lolote. Mwezi unabadilisha namba zilizo ndani ya jedwali, haubadilishi tabia ya mvuvi. Kwenye ile miezi mitatu giza lilikuwepo, taa inavuta, na wengine wamekupisha.

Sasa MwanaSera, ulitaka jedwali, hili hapa. Nadhani umechukua mchezo usio wenyewe. Uko mwingine wa zamani kuliko wafungwa, upo kwa mwanafalsafa Rousseau mwaka 1755: kundi la wawindaji linamvizia kulungu, kila mmoja amekaa kwenye zamu yake, anapita sungura. Ukimfukuza sungura unashiba wewe, kulungu anatoroka. Tofauti na mtego wako ni kwamba hapa mtu *anapendelea* kulungu mradi ana hakika wenzake hawataondoka. Namba: wote wakifunga, 4 kwa 4. Ukivua wakati mwenzako kafunga, unapata 3 tu, kwa sababu umeharibu mazalia unayoyategemea wewe mwenyewe Septemba. Ukifunga mwenzako akavua, 1. Wote wakivua, 2.

Hapo kuna misawazo miwili, wote kufunga na wote kuvua. Tatizo linahama kutoka kwenye ulafi na kuwa mashaka. Na dawa ya mashaka si ile ya ulafi. Mlafi unampelekea askari na faini. Mwenye mashaka unampelekea habari: picha za mialo (vituo vya kushushia samaki) ya Kalemie, Kongo, ikiwa imefungwa, redio ya Rumonge, Burundi, wajumbe wa wavuvi wa nchi moja kwenda kukagua nyingine.

#9 MwanaSera

Jedwali, nani kakwambia ukivua peke yako unapata 3 na si 5? Dagaa wanaishi mwaka mmoja hivi na wanazaana haraka. Nikivua wakati nchi tatu zimefunga, sehemu ninayoharibu ni ndogo na samaki ninaopata ni wengi, bei juu kwa sababu sokoni hakuna. Naona mtego palepale.

#10 Jedwali

Na wewe nani kakwambia ni 4 na si 3? Ndiyo maana nasema namba zisitoke kichwani.

#11 OmenaKwaUgali

Mambo wadau. Niko Homa Bay, Ziwa Victoria. Huku tunafunga omena, dagaa wa huku, kuanzia Aprili hadi Julai. Kenya ina takriban asilimia 6 pekee ya hilo ziwa, Uganda 43, Tanzania 51. Mvuvi wa hapa atakwambia wazi: "Nalala njaa ili samaki wakue, halafu wavuliwe upande ule mwingine." Hata ukimwonyesha utafiti haskii.

Kwa hivyo mchezo wenu wa nchi mbili zinazolingana haupo popote. Mwenye asilimia 6 na mwenye 51 hawachezi mchezo mmoja. Mkubwa akifunga peke yake bado anafaidika, mdogo akifunga peke yake anafanyia wengine kazi. Kwenu Zambia ina sehemu gani?

#12 MzeeWaNukta

Zambia kama asilimia 6, Burundi 8. Kongo ndiyo yenye kubwa, 45 hivi, Tanzania 41. Kwa hiyo wakubwa wawili na wadogo wawili.

#13 Uvira_Kalundu

Jambo kwenu wote. Miye niko Uvira. Ninyi munaongea "Kongo" kama ni mtu mmoja mwenye kukaa mezani na kalamu. Kinshasa iko mbali nasi zaidi ya kilometa elfu moja na mia tano. Mwenye kutoa amri huko haoni ziwa. Huku kuna jeshi la majini, kuna polisi, kuna watu wa mazingira, kuna chefu, yaani chifu, na kila mmoja anaomba yake kwa mvuvi. Sasa mukiandika "Kongo imevunja", ni nani amevunja? Serikali ilifunga. Mvuvi alilipa mtu, akaingia. Yule aliyelipwa naye ni mchezaji, lakini kwenye jedwali lenu simuoni.

#14 TajiriWaKipe

Ndugu wa Kalundu amesema kweli, na si Kongo peke yake.

Niongeze na la ndani ya chombo. Chombo ni changu, vijana wanaingia, mapato tunagawana baada ya kutoa mafuta. Mimi nikifunga miezi mitatu nina duka, nina shamba Kasulu. Kijana wangu ana nini? Ana deni kwa mama lishe na deni kwangu mimi. Mkimuuliza kama anataka samaki wengi mwakani atasema ndiyo kwa moyo mmoja. Lakini mwakani atakuwa kwenye chombo cha nani? Anaweza kuwa yuko Mpanda anachimba dhahabu. Ukimwambia avumilie leo ale kesho, kesho ni ya nani?

#15 Jedwali

Kwa lugha ya darasani, kijana wa Tajiri anaipa kesho uzito mdogo. Na kanuni ya Mzee wa Nukta ya mchezo unaorudiwa inashikilia pale tu kesho ikiwa na uzito wa kutosha. Uzito ukishuka, jino kwa jino halimtishi mtu. Kwa hiyo nchi zinacheza mchezo wa kudumu, vijana wanacheza wa usiku mmoja, humohumo ziwani.

#16 Hisia_Tu

Mimi nimeletwa na neno "hisia" la mwenye uzi. Hivi hamchoki? Mtu mzima na akili zake anakaa anajaza 3 na 4 kwenye viboksi anasema anaeleza Waha, Wabembe na Walungu. Hizi hesabu zilibuniwa wakati wa vita baridi kuhesabu mabomu ya Marekani na Urusi. Zinadhani kila mtu ni mbinafsi anayekokotoa. Sisi tuna utu, tuna aibu, tuna ujamaa. Mvuvi anayeiba wakati wa kufungwa anajulikana mtaani, hata binti hapewi.

#17 BintiTana

Hisia_Tu, unachosema kimeshapimwa, na kimepimwa kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kundi la wanaanthropolojia na wachumi wakiongozwa na Joseph Henrich walipeleka michezo hii kwenye jamii ndogo 15 duniani. Wahadzabe wa Tanzania walikuwamo, na Waorma wa Tana River, kwetu, walikuwamo kupitia Jean Ensminger. Mchezo mmoja unaenda hivi: unapewa fedha, unamgawia mwenzako usiyemjua kiasi upendacho. Akikubali mnachukua. Akikataa, wote mnakosa. Mtu wa kitabuni atoe senti moja, na mwenzake aipokee kwa sababu moja si sifuri.

Hakuna jamii hata moja iliyocheza kama mtu wa kitabuni. Ila hazikufanana pia. Wahadzabe walitoa kidogo na kukataliwa mara nyingi, watu ambao kwa nyama ya porini wanagawana mpaka mwisho, tena kwa manung'uniko. Kuna jamii za New Guinea zilitoa zaidi ya nusu na bado zikakataliwa, maana zawadi kubwa kule inakufunga deni.

Waorma walipoelezwa ule mchezo wa kuchangia mfuko wa pamoja, waliutambua papo hapo, wakauita harambee. Wakachanga kwa wastani zaidi ya nusu ya fedha walizopewa. Kwa hiyo utu upo, lakini unakuja umevaa taasisi fulani ambayo watu wameizoea. Swali la kumuuliza MwanaSera ni: kufunga ziwa, mvuvi wa Kigoma anakuona kama nini? Kama harambee, au kama kodi ya kichwa?

#18 Hisia_Tu

Sawa dada, hiyo nimeielewa. Lakini umeona, mmelazimika kwenda kuwauliza watu. Jedwali halikutosha.

#19 TajiriWaKipe

Kama kodi ya kichwa. Limejibiwa.

#20 MajiYaMoto

Naingia kuharibu sherehe. Nyote mmekubali kimyakimya kwamba samaki wamepungua kwa kuvuliwa sana. Mwaka 2003 jarida la Nature lilichapa utafiti wa Catherine O'Reilly na wenzake kuhusu Ziwa Tanganyika. Ziwa hili lina kina cha karibu mita 1,470, na chakula cha viumbe kiko chini. Upepo wa kusi, Mei hadi Septemba, ndio unaosukuma maji ya juu na kuyapandisha ya chini yenye rutuba. Maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi, hayachanganyiki na ya chini, na upepo nao umepungua nguvu. Walikadiria uzalishaji wa mimea ya majini umeshuka kama asilimia 20, na hiyo ingeweza kumaanisha samaki pungufu kwa asilimia 30 hivi.

Kama ni hivyo, wachezaji wenu wanne wanafunga na kufungua huku mchezaji wa tano, ambaye ni joto, haketi mezani na hana cha kupoteza. Unaweza kushirikiana kikamilifu, 3 kwa 3, na dagaa wakaendelea kupungua. Halafu mwakani kila nchi inamshuku jirani kwamba aliiba.

#21 Jedwali

Hilo la mwisho linanitisha kuliko yote. Jino kwa jino likiwekwa kwenye hali ambayo huoni vizuri mwenzako kafanya nini, linageuka kisasi. Samaki wamepungua kwa joto, mimi nadhani umeiba, naiba, nawe unaniona naiba kweli, unalipiza. Tumevunja mkataba na hakuna aliyeanza.

#22 MwanaSera

MajiYaMoto, kuvua kupita kiasi kupo. Makokoro, nyavu za kukokotwa hadi ufukweni, yanakomba mpaka vifaranga. Joto halishiki kokoro.

#23 MajiYaMoto

Sijasema halipo. Nasema huwezi kusoma tabia ya jirani kwa kuhesabu dagaa sokoni.

#24 Pweza_Mkavu

Assalam alaykum. Sisi wa Pemba na Unguja kufunga tumekuzoea, ila kwa pweza. Mwamba unafungwa miezi mitatu hivi, pweza anakua upesi mno, siku ya kufungua ni kama sikukuu, wanawake na ndoo zao, madalali wamejipanga. Yafaulu pale ambapo wanakijiji wenyewe wamechagua mwamba, wenyewe wanalinda, na mwizi anajulikana kwa jina na jina la babake. Kenya nako kuna Kuruwitu, Kilifi, wanakijiji walitenga sehemu yao ya bahari toka 2005.

Mwamba unauona wote ukisimama ufukweni. Ziwa lenu lina urefu wa kilometa mia sita na sabini. Nani atakaa zamu?

#25 MzeeWaNukta

Sheikh umemleta Elinor Ostrom bila kumtaja. Huyu alikuwa mtu wa sayansi ya siasa, si mchumi, na ndiye mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi, 2009. Alichokipinga ni dai la Garrett Hardin la 1968, kwamba mali ya wote lazima iangamie mpaka iwe ya serikali au ya mtu binafsi. Mwenye uzi, dai lako la "askari mmoja" ni Hardin mtupu.

Ostrom anatoa mfano wa wavuvi wa Alanya, Uturuki. Walikuwa wanapigana kwa ajili ya maeneo mazuri ya kutega nyavu. Wakaorodhesha maeneo yote, na kila Septemba wakawa wanapiga kura ya bahati kujua nani anaanzia wapi. Kuanzia hapo mpaka Januari kila mvuvi anahamia kila siku eneo linalofuata upande wa mashariki, kisha Januari hadi Mei wanarudi magharibi. Kila mmoja anapita kwenye maeneo mazuri. Na mwizi anakamatwa na nani? Na yule ambaye leo ni zamu yake pale. Hakuna mshahara wa mlinzi, maana mwenye zamu anajilindia chake.

#26 TajiriWaKipe

Hao walikuwa wangapi? Maana dagaa wangu hawana eneo. Leo wako Kigoma, kesho wapo mbele ya Kalemie.

#27 MzeeWaNukta

Mia moja hivi, mwalo mmoja. Na hoja yako ni ya haki: nyavu za kutega zina eneo, dagaa wa taa hawana.

#28 KuraYangu

Samahani natoka ziwani kidogo. Mbona mtu wa siasa anakwenda kutafuta mtego kwenye dagaa wakati uko kwenye kura? Kenya 1992: Rais Moi alishinda kwa asilimia 36 hivi. Wapinzani wake Matiba, Kibaki na Jaramogi kwa pamoja walikuwa na zaidi ya 60. Mwaka 1997 tena, Moi 40 hivi, upinzani umegawanyika tena. Wote walitaka Moi atoke, na kila mmoja alitaka atolewe na *yeye*. Huo si mtego wa wafungwa, ni kugombania nani akae mbele.

#29 OmenaKwaUgali

Na 2002 wakajifunza. Raila akasema "Kibaki tosha", Kibaki akapita kwa zaidi ya asilimia 60. Lakini endelea na hadithi. Kulikuwa na mkataba wa maelewano wa kugawana vyeo, na baada ya ushindi haukuheshimiwa. Ukimpa mtu ikulu leo kwa ahadi ya kesho, kesho yeye ndiye mwenye ikulu. Nani atamlazimisha? Kufikia kura ya maoni ya Novemba 2005 walikuwa pande mbili. Hilo ndilo tatizo la ziwa lenu pia, ahadi ambayo mwenye kuitoa hana sababu ya kuitimiza wakati wake ukifika.

#30 KuraYangu

Ndiyo. Na tazama katiba ya 2010 ilipoweka sharti la rais kupata zaidi ya nusu ya kura: washindi wa 2013 na 2022 walipata 50.07 na 50.49. William Riker aliandika 1962 kwamba wanasiasa hujenga muungano unaotosha kushinda tu, usizidi, ili mgao usiwe mwembamba.

#31 Jedwali

Hapana. 50.07 haikupangwa na mtu. Riker anasema utakusanya makundi yanayotosha *kabla* ya kura, hasemi utagusa mstari kwa elfu chache. Na 2002 hukuhitaji zaidi ya nusu, walikusanya zaidi ya 60, hiyo inampinga. Tanzania nako rais anapita kwa kuwa na kura nyingi kuliko wengine tu, sharti la zaidi ya nusu liliondolewa 2000, na bado 2015 vyama vya upinzani viliungana kwa jina la UKAWA vikakosa. Sheria moja, matokeo mbalimbali.

#32 KitiChaMbele

Tulianza na dagaa tumefika ikulu. Karanga zimeisha.

#33 BintiTana

Turudi ziwani, ila kwa kupitia hukohuko. Robert Putnam 1988 alieleza mazungumzo ya kimataifa kama michezo miwili kwa mpigo. Waziri anakaa na mawaziri wenzake meza ya nje, na wakati huohuo yuko meza ya ndani na wapigakura. Mwaka 2024 Tanzania ilikuwa na uchaguzi wa serikali za mitaa tarehe 27 Novemba. Kufunga ziwa kwa watu wa Kigoma, Katavi na Rukwa miezi michache kabla ya kura ni kujiumiza. Unaweza kusema ndiyo maana wenzake waliweza kuamini: mtu hajichomi kwa jambo asilolikusudia.

#34 Hisia_Tu

Au unaweza kusema wakubwa walijua watashinda tu, kwa hiyo hawakujichoma popote.

#35 BintiTana

Unaweza. Ndipo penye shida.

#36 Uvira_Kalundu

Mimi nina sababu ingine. Pale ambapo kuna mfadhili mwenye kulipa semina na mafuta ya boti, kila serikali inasaini. Mutafute nani alilipia vikao ndipo mujue mchezo.

#37 MzeeWaNukta

Ushirikiano wenyewe ni wa zamani kuliko semina ya juzi. Mkataba wa usimamizi endelevu wa ziwa ulisainiwa Dar es Salaam mwaka 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika iko Bujumbura. Ila sikatai kwamba fedha za nje zinabadilisha namba kwenye jedwali.

#38 Jedwali

Sasa tuna mtego wa wafungwa, kulungu wa Rousseau, wakubwa na wadogo, askari mwenye kulipwa, vijana wasio na kesho, joto, meza mbili, na mfadhili. Kila moja inaweza kueleza nchi kufunga, na kwa kugeuza namba kidogo inaweza kueleza nchi kutofunga. Ariel Rubinstein, mwenyewe mkubwa wa nadharia hii, amekuwa akisema miaka mingi kwamba haitabiri na haishauri. Sikubaliani naye kwa yote. Lakini MwanaSera, andiko lako linahitaji kitu kimoja ambacho mchezo A unakitabiri na mchezo B unakikataa.

Nakupa kimoja. Kama ni mtego, mvuvi akihakikishiwa kwamba ng'ambo wamefunga kweli, ataiba *vilevile au zaidi*, maana samaki na bei ni vyake peke yake. Kama ni kulungu, akihakikishiwa ataiba *kidogo*. Tafuta mialo iliyopata habari za ng'ambo na ile isiyopata, linganisha.

#39 MwanaSera

Hii nimeiandika pembeni mwa daftari kwa wino mwekundu. Wizi nitaupimaje lakini? Hakuna atakayeniambia. Nimefikiria satelaiti zinazopiga picha usiku. Zinaona taa za boti za uvuvi baharini, na huku uvuvi wa dagaa ni wa taa. Nahesabu taa upande kwa upande, nalinganisha na miezi ileile ya miaka ya nyuma, natoa siku za mbalamwezi kama alivyosema Tajiri.

#40 MajiYaMoto

Angalia mawingu, na moto wa mashambani. Juni mpaka Agosti milima ya pande zote inawaka, satelaiti inaona mwanga tu.

#41 TajiriWaKipe

Satelaiti itaona taa. Kokoro halina taa, linavutwa mchana kwenye mchanga na watoto wakishangilia. Aliyeacha taa kwa kuogopa askari akahamia kokoro utamwandika ametii, na huyo ndiye ameua mazalia kuliko mimi.

#42 MwanaSera

Basi dodoso linabaki, na namba za jedwali zitatoka kwa wavuvi wenyewe. Kigoma nitakaa mwenyewe, Uvira ndugu wa Kalundu namtafuta faragha. Nani ana mtu Mpulungu, upande wa Zambia?

#43 OmenaKwaUgali

Mpulungu sina. Ukimaliza njoo Homa Bay Aprili, utapata majibu ya omena mpaka ukimbie.